Picha za Burudani Ndizo Zenye Siasa Nzito

Tangu polisi walipowakamata watengenezaji filamu wanne jijini Nairobi mwanzoni mwa Mei 2025, mjadala wa filamu na siasa nchini umekwama mahali pamoja. Wanne hao walihusishwa na Blood Parliament, filamu ya makala ya BBC kuhusu vijana waliopigwa risasi kwenye eneo la Bunge tarehe 25 Juni 2024, ingawa BBC ilisema hawakuwa na mkono katika kuitengeneza. Onyesho lililokuwa limepangwa Nairobi lilifutwa. Wiki chache kabla ya hapo, kule Nakuru, wasichana wa shule ya Butere waliimba wimbo wa taifa wakateremka jukwaani bila kuigiza mchezo wao, Echoes of War, huku polisi wakirusha vitoa machozi. Upande wa serikali ukasema sanaa isichanganywe na siasa. Upande wa pili ukajibu kwamba filamu ya siasa ni haki ya kikatiba. Huku Malindi hoja hizo mbili zimerudiwa barazani kila baada ya alasiri, na zote mbili zimesimama juu ya dhana moja ambayo mimi siikubali: kwamba kuna filamu chache za siasa, na zilizobaki ni za kupoteza wakati tu.

Ninavyoona mimi ni kinyume chake. Filamu ya makala inayomtaja afisa na risasi yake hujitangaza. Mtazamaji huketi akiwa tayari kukubali au kubisha. Siasa nzito zaidi imo katika picha za polisi, za kivita, za kutisha, hata za mapenzi, kwa sababu huko hakuna anayeitamka. Imo katika mpangilio wa aina yenyewe ya filamu: adui anatoka wapi, nani ana ruhusa ya kulimaliza tatizo, na picha ikiisha nani amebaki amesimama. Mwandishi anapochagua kuandika picha ya upelelezi badala ya picha ya kutisha, nusu ya msimamo wake ameshauchagua, ajue asijue. Anaweza kuupinga akiwa njiani, lakini itamgharimu jasho.

Walioielewa hoja hii mapema ni wadhibiti wa India. Sholay, ambayo watu wa makamo wa pwani hii wanaijua kama wanavyoijua njia ya sokoni, ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, wiki saba baada ya serikali ya Indira Gandhi kutangaza hali ya hatari tarehe 25 Juni. (Tarehe hiyo, kumbe, haikuanza kuwa nzito kwetu.) Katika mwisho ulioandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar na kuongozwa na Ramesh Sippy, Thakur, afisa wa polisi wa zamani aliyekatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar Singh, anamuua Gabbar kwa miguu yake, amevaa viatu vyenye misumari. Bodi ya udhibiti ikakataa. Mwisho ukapigwa upya: polisi wanatokea dakika ya mwisho, wanamkumbusha Thakur kwamba kuadhibu ni kazi ya sheria, na Gabbar anachukuliwa hai. Toleo lenye mwisho wa kwanza lilirejeshwa na kuonyeshwa Bologna, Italia, mwaka wa 2025, nusu karne baadaye. Angalia basi kilichowakera wadhibiti. Damu haikuwakera, maana picha nzima imejaa maiti, na jamaa ya Thakur inauawa hadi mtoto. Mada haikuwakera, maana hakuna chama wala waziri anayetajwa humo. Walikereka na aliyemaliza kazi. Serikali iliyokuwa imesimamisha haki za raia haikutaka raia aonekane akijichukulia haki yake mwenyewe, hata kama raia huyo aliwahi kuvaa sare.

Mwaka huohuo wa 1975 ilitoka Deewaar, na humo mambo yamefichwa kwa ustadi zaidi. Ndugu wawili, mama mmoja, baba aliyekuwa kiongozi wa wafanyakazi akavunjwa na tajiri wake. Ndugu mmoja anakuwa polisi, mwingine mlanguzi. Maneno yote matamu amepewa mlanguzi, na Amitabh Bachchan aliyatamka kwa hasira ambayo vijana wa Bombay na wa Mombasa waliihisi kuwa ni yao. Kisha ndugu yake anampiga risasi, anakwenda kufia hekaluni mikononi mwa mama. Aina hii ya picha inamruhusu maskini aseme yote yaliyomo moyoni mwake kwa sharti moja, kwamba afe kabla ya taa kuwashwa. Miaka 43 baadaye Black Panther ilifanya vilevile kwa Killmonger, adui wa mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda. Alipewa hoja iliyo sawa kabisa kuhusu watu weusi walioachwa wateseke ulimwenguni huku Wakanda ikijificha na utajiri wake, kisha waandishi wakamfanya amkabe koo mama mtu mzima na kuchoma bustani ya mitishamba, ili mtazamaji asije akamfuata mbali sana. Mfalme akabaki mfalme. Jambo hasa alilolitaka adui likatekelezwa mwishoni kwa kiwango kidogo na mfalme mwenyewe, kwa hisani yake, kama mradi wa msaada.

Ukiyajua hayo, udhibiti wetu wa Kenya unaonekana kama mtu anayetafuta sindano kwa kupekua chumba kisicho chake. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ni ya mwaka wa 1962, kabla bendera ya Waingereza haijateremshwa, na mpaka leo ndiyo inayoipa nguvu Bodi ya Kuainisha Filamu. Bodi hiyo hupanga filamu kwa umri wa mtazamaji, na inapoamua kupiga marufuku huwa imekuta uchi, matusi au mapenzi isiyoyaridhia. The Wolf of Wall Street ilipigwa marufuku Januari 2014, Rafiki ya Wanuri Kahiu ikafuata Aprili 2018. Mimi sina haja ya kurudia hapa ugomvi wa Rafiki. Kila mtu pwani ana maoni yake na wengi hawajaitazama. Kinachonishangaza ni filamu nyingine ya mwelekezi huyohuyo, Pumzi, ya mwaka wa 2009. Ni filamu fupi ya wakati ujao: maji yamekwisha duniani, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jasho na mkojo vinachujwa vinywewe tena, na baraza lisiloonekana linaamua nani atoke na nani asitoke. Mwanamke akiota ndoto ya mti, mashine inamwamuru ameze dawa ya kuzuia ndoto. Akitaka kwenda kuupanda mche wake nje, anakataliwa, maabara yake inaharibiwa, anatoroka. Hakuna filamu ya Kenya ninayoijua iliyosema jambo kali zaidi kuhusu mamlaka na raia. Haikumsumbua mtu, kwa kuwa ilivaa nguo za hadithi ya kubuni ya kisayansi, na nguo hizo wakubwa wetu huziona ni za watoto.

Udhibiti wa namna hiyo unafanyika hata mtaani, kwa rimoti. Katika kibanda kimoja cha video huku Kisumu Ndogo, mtaa wa hapa Malindi, ratiba huandikwa kwa chaki kwenye kipande cha plaiwudi: saa nane Kichina, saa kumi mpira, saa mbili usiku kivita, kimetafsiriwa. Kuta ni za mabati na matundu ya misumari yamezibwa kwa chingamu ili mwanga wa jua usiingie. Mwenye kibanda hukaa nyuma, rimoti mapajani. Stelingi akimkaribia mwanamke, rimoti inainuka, picha inaruka, vijana wanapiga mluzi, mambo yanaendelea. Niliwahi kukaa humo picha ikionyesha mtu aliyening'inizwa na kuunganishwa nyaya za umeme mpaka ataje bomu liko wapi, na rimoti haikusogea. Nikamuuliza, "Sheikh, hapa mbona huruki?" Akanijibu bila kugeuza macho, "Maalim, hapo ndipo penye utamu. Na huyo ni gaidi." Gaidi huyo alikuwa na jina ambalo karibu kila aliyekaa kwenye mabenchi yale analo katika ukoo wake.

Wapo watakaosema, na ndio wengi, kwamba watu wanajua picha ni picha. Kijana anamaliza kutazama, anakula viazi karai vyake, anakwenda kulala. Kati ya hoja zote zinazopinga ninachosema hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na inasikitisha kwamba ndiyo inayotumika sana. Wanaotengeneza picha hizo hawaiamini. Jeshi la Marekani limekuwa likiazima Hollywood ndege, manowari na kambi kwa miaka mingi, na bei yake ni kupewa andiko la filamu lisomwe na kurekebishwa kwanza. Top Gun ya 1986 ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Mtu hatoi ndege ya kivita kwa ajili ya burudani tu. Tena mwaka wa 2006 Brigedia Jenerali Patrick Finnegan, mkuu wa masomo wa chuo cha kijeshi cha West Point, alisafiri hadi California kuwaona watengenezaji wa 24, ule mfululizo wa televisheni ambao shujaa wake humtesa mshukiwa huku saa ikihesabu sekunde. Aliwaomba wapunguze, kwa sababu wanafunzi wake, maafisa wa kesho, walikuwa wakiamini kwamba mateso hufanya kazi. Ikiwa mwanafunzi wa West Point anayesomeshwa sheria za vita anaweza kufunzwa na aina ya filamu, sioni ni kwa nini kijana wa Kisumu Ndogo au wa Langoni asifunzwe.

Na sisi hatuzitazami picha hizo tukiwa mbali na yanayosimuliwa. Kwenye bara ya Lamu iko Manda Bay, na kambi yake ya kijeshi ilishambuliwa na al-Shabaab tarehe 5 Januari 2020, Wamarekani watatu wakauawa. Mpeketoni, Juni 2014, waliuawa watu zaidi ya 60. Kutoka hapo tumeishi na amri za kutotoka nje usiku, vizuizi barabarani, na msitu wa Boni ambao wenyeji wake Waboni wamezuiwa kuingia walikozoea kurina asali. Mashirika ya haki za binadamu ya pwani yamekusanya kwa miaka majina ya vijana waliochukuliwa na watu wasiojitambulisha, wasionekane tena. Katika hali kama hiyo, picha inayofundisha kwamba mshukiwa na mkosaji ni kitu kimoja, na kwamba wakili ni mtu wa kuchelewesha mambo, ina wadhifa katika maisha yetu. Inaandaa watu kunyamaza. Mama anapozunguka vituo vya polisi akimtafuta mwanawe, jirani aliyekwisha kuona mateso yakiokoa mji kila usiku saa mbili huwa na jibu tayari: pengine alikuwa na lake.

Hoja nyingine ina nguvu zaidi, na nitaipa nafasi yake. Inasema kwamba aina ya filamu ni chombo kitupu, kinabeba chochote. Ushahidi wake unaopendwa ni picha za kikauboi. High Noon ya 1952 iliandikwa na Carl Foreman wakati yeye mwenyewe akisakwa kwa tuhuma za ukomunisti: askari anaomba msaada wa mji mzima dhidi ya majambazi, kila mtu anamgeuzia kisogo, anapigana karibu peke yake, kisha anaitupa beji yake mavumbini. John Wayne na Howard Hawks waliichukia picha hiyo hata wakatengeneza Rio Bravo mwaka wa 1959 kuijibu, wakiwa na askari asiyeombaomba msaada. Kofia zilezile, farasi walewale, mrengo wa kushoto na mrengo wa kulia. Kwa hiyo, tunaambiwa, usiilaumu aina, mlaumu mwandishi. Lakini zitazame zote mbili kwa makini. Katika zote, watu wa kawaida wa mji hawana faida, mahakama iko mbali au imekimbia, na amani inapatikana wakati mwanamume mmoja au wachache wanapoua wanaostahili kuuawa. Foreman alikuwa na hasira na majirani waoga, Wayne alikuwa na hasira na Foreman, na wote wawili waliishia kwenye barabara moja yenye vumbi, bunduki mkononi. Yale ambayo High Noon ingependa kuyaona, yaani mji unaojipanga wenyewe, aina ile haikuwa na mahali pa kuyaweka.

Ndiyo maana mwelekeo wa aina ya filamu naufananisha na upepo wa msimu. Kusi haimzuii nahodha kwenda kusini. Atapiga bisho, huku na huku, atafika, ila atachoka na atachelewa. Wapo waliofika. Franco Solinas, Mwitaliano, aliandika The Battle of Algiers ya 1966, kuhusu Waalgeria walioasi utawala wa Wafaransa, na mwaka huohuo akashiriki kuandika picha ya kikauboi ya Damiano Damiani, A Bullet for the General, ambamo Mmarekani mtanashati aliyevaa suti ndiye nyoka, na jambazi wa Mexico ndiye anayezinduka. Ilibidi waihamishe aina nzima kutoka Texas hadi kwenye mapinduzi ya Mexico ili iweze kusema hivyo. (Malindi imejaa Waitaliano wa rika la kuzikumbuka picha hizo, na bado sijampata hata mmoja wa kuzungumza naye habari ya Solinas, wote wanataka kuongea kuhusu bei ya kiwanja.)

Kosa jingine la wachambuzi ni kugawa aina za filamu kama wanavyogawa vyama: kivita kulia, makala kushoto. Mgawanyo huo hauvuki barabara. Triumph of the Will, iliyotukuza chama cha Hitler mwaka wa 1935, ni filamu ya makala. Filamu za wanyamapori, ambazo Kenya imezilisha dunia kwa miaka mingi, zinahesabiwa kuwa hazina chama chochote, na bado kazi yake kubwa ni kumwondoa binadamu kwenye ardhi: mfugaji, mrina asali na mvuvi hawapo, au wanatokea kama tishio kwa simba. Msitu mtupu kwenye skrini ni hoja ya umiliki. Nayo picha ya mtu anayejichukulia sheria mkononi, Marekani ya Dirty Harry mwaka wa 1971 ilikuwa malalamiko ya mrengo wa kulia dhidi ya mahakama zinazowalinda washukiwa. Mkosoaji Pauline Kael aliihusisha waziwazi na ufashisti. India ya 1975, hasira ya namna hiyohiyo ilisikika kama sauti ya waliodhulumiwa, na serikali ikaikata mwisho. Swali la kuuliza si chama gani, bali ni nani katika mji wako anayenufaika watu wakiamini kwamba matatizo huisha namna hiyo.

Kuhusu mapenzi na vichekesho sitakaa sana. Picha ya mapenzi ya Kihindi imetulea, nyimbo zake zimeingia kwenye tarabu yetu, nami sitaisema vibaya zaidi ya kukumbusha kwamba ugomvi wa tajiri na maskini humalizwa humo kwa harusi, na shamba linabaki la baba yuleyule. Vioja Mahakamani, kipindi chetu cha televisheni, ilituchekesha kwa miongo kadhaa, na kila juma aliyechekwa alikuwa mshtakiwa mwenye Kiswahili kibovu. Hakimu hakukosea.

Hoja iliyo bora kabisa dhidi yangu ni ya mtazamaji mwenyewe. Watu huipindua picha. Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, ilionyesha The Battle of Algiers mwaka wa 2003, baada ya kuivamia Iraq, ikitafuta mafunzo ya kupambana na waasi, kutoka kwenye filamu iliyotengenezwa kuwasifu waasi. Na sisi huku tuna watafsiri wa picha, DJ Afro akiwa mashuhuri kuliko wote, ambao huichukua kazi ya Hollywood au ya Hong Kong na kuiwekea maneno yao: jenerali anapewa lafudhi ya mtu wa mtaa fulani, jambazi mkuu analinganishwa na mheshimiwa anayejulikana, na kibanda kizima kinacheka kitu ambacho mwandishi wa picha hakukiota. Hapo kweli mtazamaji si chupa ya kujazwa maji. Naikubali hoja hii nusu. Mtafsiri hodari anaweza kugeuza huzuni kuwa kicheko na polisi kuwa mjinga. Asichoweza ni kubadilisha anayekufa. Akisema lolote alilolisema, kijiji kitachomwa ili stelingi apate sababu ya kukasirika, na wanakijiji hawatapewa hata jina. Kicheko kinapita juu ya mpangilio, mpangilio unabaki. Tena kupindua huku kunahitaji kujua: waliokwisha kusoma habari za Algeria waliipindua ile filamu wakijua wanachofanya, kijana wa miaka 13 kwenye benchi la mbele hana cha kupindulia.

Aina inayonipa shida zaidi ni picha za kutisha, kwa sababu hapa Kilifi zinagusa miili ya watu. Picha ya kutisha inaweza kuwa ya kimapinduzi kuliko nyingine yoyote. George Romero, katika Night of the Living Dead ya mwaka wa 1968, alimpa Duane Jones, mwigizaji mweusi, nafasi ya kuongoza watu waliofungiwa nyumbani na maiti zinazotembea; anaokoka usiku kucha, na asubuhi kundi la Wazungu wenye bunduki waliokuja kuokoa linampiga risasi na kumtupa motoni pamoja na maiti. Tishio likageuka, likawa waokoaji. Lakini mkondo uliotufikia sisi kwa wingi ni ule wa Nigeria uliofunguliwa na Living in Bondage mwaka wa 1992: mtu ana shida ya pesa, anaingia kwenye chama cha siri, anamtoa mkewe kafara, anatajirika, mzuka wa mke unamwandama, na wokovu wake ni kanisani. Ndani yake mna swali zuri sana la kisiasa, lile ambalo Wanigeria wa enzi ya majeshi na mafuta walikuwa na haki ya kuliuliza: huyu ameupata wapi utajiri huu wa ghafla? Aina ya picha ikalijibu vibaya. Utajiri haukutoka kwenye zabuni wala kwenye kisima cha mafuta, umetoka kwenye chumba chenye mishumaa. Na dawa yake si mkaguzi wa hesabu, ni mchungaji.

Jibu hilo likishuka kijijini humkuta asiye na gari wala chama cha siri. Humkuta mzee. Katika kaunti hii wazee wameuawa mwaka baada ya mwaka kwa tuhuma za uchawi, na waliobahatika kutoroka wamehifadhiwa Kaya Godoma, kule Ganze, mbali na wake zao na minazi yao. Watetezi wa wazee hao wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma huwa kuna shamba: mwenye mvi ndiye anayeshikilia urithi, na mvi zenyewe ndizo zinazofanywa ushahidi. Sisemi kwamba picha ndizo zinazoua. Tuhuma za uchawi zilikuwapo kabla ya jenereta la kwanza kuwashwa Ganze. Ninachosema ni kwamba aina hii ya picha inampa mwenye tamaa ya shamba hadithi iliyokwisha kupangwa, yenye adui, dalili na adhabu, ambayo majirani wameizoea kiasi cha kutohitaji kuelezwa. Filamu ileile ingeweza kutisha vilevile, na kwa haki zaidi, ikiwa ingeanzia kwa mzee anayesikia vijana wake wakinong'ona nje ya dirisha habari ya hatimiliki. Hapo tishio lingekuwa nyumbani, kama kwa Romero.

Haya yote yanakuja kukutana Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa njaa. Miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu ule tangu Aprili 2023, safari fupi kutoka ninapoketi, na kesi zingali mahakamani. Masimulizi ya skrini tayari yameshaifanya kuwa hadithi ya uhalifu wa kweli, na aina hiyo ina njia yake: msitu uonekane kutoka juu kwa droni, muziki wa chini, kisha uso wa mhubiri, macho yake, sauti yake, utoto wake. Kila kitu kinavutwa kuelekea kwa mtu mmoja. Anayetazama anaondoka akiwa na hofu ya watu wenye macho kama yale, na bila swali lolote kwa mtu mwingine. Aina hii inaegemea upande wa ofisi, hata mtengenezaji wake awe na nia njema namna gani, kwa kuwa ubaya ukikaa ndani ya mtu mmoja, akishakamatwa kazi imekwisha. Wakati mambo yenyewe yalikuwa mengine. Mhubiri huyo alikuwa ameshashtakiwa siku za nyuma na kuachiliwa. Alikamatwa tena Machi 2023 kuhusiana na vifo vya watoto, akatoka kwa dhamana. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilisema Machi 2024 kwamba maafisa wa usalama wa Malindi walizembea vibaya, taarifa zilifika na hazikufanyiwa kazi. Kamati maalumu ya Seneti nayo ilikuwa imenyooshea kidole taasisi za dola mwaka wa 2023.

Vijana wa hapa wana kamera, wana simu zinazopiga picha safi kuliko mashine zilizotumika miaka ile ya Nigeria, na wengi wananiambia wanataka kutengeneza filamu ya Shakahola. Mimi huwauliza ni picha ya aina gani, na hujibu kwa kunieleza mada. Ningependa mmoja wao aanze na daftari la matukio la kituo cha polisi. Aanze na ile siku ya Machi 2023, mshukiwa akiachiliwa, na abaki hapohapo ofisini kwa nusu saa nzima: karani anatafuta muhuri, jamaa za watoto wanaambiwa warudi kesho, faili linahama meza. Picha ya upelelezi ambamo mpelelezi hayupo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Itakuwa ngumu kuuza, maana haina stelingi. Lakini ukizisoma ripoti hizo mbili za Shakahola, nazo hazina stelingi, zina ofisi, tarehe na taarifa zisizojibiwa.